Nani Atabaki na Mikoba?

Mwaka juzi binamu yangu anayeishi Denver aliandaa safari ya watu kumi na mmoja kwenda milimani kuteleza kwenye theluji. Watoto wake watatu wamezaliwa huko huko na wanateleza tangu chekechea. Mumewe anajiweza. Marafiki zao kadhaa walikuwa wamejaribu mara moja au mbili. Halafu alikuwepo mamake, yaani shangazi yangu, mwenye miaka sitini na moja, aliyetoka Ol Kalou kwenda kuwaona wajukuu. Mahali pa kwenda palichaguliwa na yule aliyekuwa hodari kuliko wote, kwa sababu ndiye pekee aliyejua majina ya milima. Walipofika wakakuta kwamba kwa mtu anayeanza hakuna kitu pale, labda kipande kidogo kando ya maegesho ya magari. Basi shangazi akakaa mkahawani siku tatu na mikoba ya watu wote. "Chai yao ni maji ya moto tu," aliniambia kwenye simu, kisha akauliza habari za mvua. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Aliyewahi kupanda Longonot na watu wa ofisini anajua mambo haya. Wa mbele wanafika ukingoni, wanapiga picha, wanapumzika vizuri; wa nyuma anafika akihema, na saa hiyo hiyo wenzake wanainuka waendelee. Tofauti ni kwamba Longonot njia ni moja, kwa hiyo hata wa nyuma anafika. Kwenye theluji unaweza kuchagua mlima ambao nusu ya kundi lenu haliwezi kuugusa kabisa.

Sisi Wakenya tuna hadithi moja mashuhuri ya theluji, nayo ni hadithi ya kusubiriwa. Februari 1998 huko Nagano, Japani, Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 na akamaliza wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikuwa bado yuko pale kwenye mstari, akimngoja, wakakumbatiana. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Ni hadithi nzuri, lakini safari ya familia haiwezi kupangwa kwa kutegemea kwamba hodari atakuwa na moyo huo siku tatu mfululizo. Watoto wa miaka kumi na mbili hawamsubiri mtu.

Sasa wanataka kwenda tena, na binamu akauliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: twende wapi? Mimi sijawahi kufunga mbao za skii miguuni. Ninachoweza ni kusoma. Na nilichokuta ni kwamba swali lake, la watu wasiolingana uwezo kwenye mlima mmoja, limejenga vituo vya skii karibu kama theluji yenyewe.

Tuanzie kijiji cha St. Anton, eneo la Arlberg, Austria. Mwaka 1907 kijana aitwaye Hannes Schneider alianza kufundisha skii pale kwa ajili ya wageni wa hoteli. Kabla ya hapo mtu alijifunza kwa kuanguka, au kwa kumfuata rafiki anayejua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Schneider alifundisha wanajeshi wa milimani, na vita vilipokwisha akaleta mpangilio ule kwa raia: wanafunzi waligawanywa madarasa kulingana na uwezo, na hakuna kuvuka darasa kabla ya kuweza la chini. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini lilibadilisha maana ya kwenda milimani pamoja. Familia ingeweza kuachana asubuhi, kila mtu na darasa lake, na kukutana jioni ikiwa na habari za kusimulia.

Nicheke kidogo hapa. St. Anton ya leo inajulikana kama mahali pa mabingwa, na wanaoijua vizuri huwaonya wanaoanza wasianzie pale. Kijiji kilichowapa wanaoanza shule si mahali pa wanaoanza.

Kizingiti cha pili kilikuwa kupanda. Kwa miaka mingi, anayetaka kuteleza chini alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Hilo peke yake liliwachuja watu kabla hata ya kufika kileleni. Suluhisho lilitoka mahali ambapo singedhani: kwenye ndizi. W. Averell Harriman, mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Union Pacific huko Marekani, alitaka abiria wa majira ya baridi, kwa hiyo akamtuma kabaila mmoja wa Austria, Felix Schaffgotsch, azunguke magharibi ya nchi kutafuta mahali. Nadhani huyu ndiye mtu aliyelipwa vizuri kuliko wote kujibu swali la binamu yangu. Alipita Mount Rainier, Mount Hood, Jackson Hole na kwingineko, akizikataa zote. Januari 1936 akafika Ketchum, Idaho, mji wa machimbo ya zamani na wafugaji wa kondoo, akapapenda: jua, milima inayokinga upepo, miteremko isiyo na miti. Reli ikanunua karibu ekari 4,000, na Desemba mwaka huo huo Sun Valley ikafunguliwa.

Huko Omaha, makao makuu ya reli, mhandisi Jim Curran alikumbuka mitambo aliyowahi kushughulika nayo ya kupakia ndizi melini: waya unaozunguka bila kusimama, wenye kulabu, na kila kulabu na mkungu wake. Akaondoa kulabu, akaweka viti. Ili kujua kiti kikimbie vipi bila kumwangusha mtu, walikifunga ubavuni mwa lori na kumzoa nacho mtu aliyevaa viatu vya magurudumu. Ndiyo lifti ya viti ya kwanza duniani. Nikipita sokoni na kuona mikungu ya Kisii ikishushwa mgongoni mwa watu, huwa namkumbuka Curran.

Na lifti zile za 1936 zilijengwa wapi? Si kwenye mlima mkubwa. Zilijengwa Proctor na Dollar, na Dollar ni kilima kisicho na miti, chenye kushuka kwa mita 190 hivi, mahali ambapo mtu anayeanza anaona chini alikotoka. Baldy, mlima wa wenye nguvu wenye kushuka kwa zaidi ya mita 1,000, ulipata lifti zake 1939. Mpangilio huo bado upo: milima miwili, mji mmoja katikati, na jioni meza moja.

Wazo hilo lilihamishwa na mtu mmoja, naye ndiye ninayempenda zaidi katika habari hizi zote. Friedl Pfeifer alizaliwa St. Anton 1911 na akawa mwalimu katika shule ya Schneider. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, Schneider alitiwa ndani, na mwaka uliofuata akapata njia ya kwenda Marekani. Pfeifer naye aliondoka, akawa mkuu wa shule ya skii ya Sun Valley. Marekani ilipoingia vitani, alikamatwa kama raia wa nchi adui. Baadaye akajiunga na jeshi la Marekani, kikosi cha milimani kilichofanya mazoezi Colorado. Akiwa huko alifika Aspen, mji wa fedha uliokuwa umekufa, na mlima wake ukamkumbusha kwao. Alijeruhiwa vibaya Italia 1945, akapona, akarudi Aspen. Akishirikiana na mfanyabiashara Walter Paepcke, aliufungua mlima ule kwa watu wa skii majira ya baridi ya 1946 kuelekea 1947.

Lakini mlima wa Aspen ni mkali. Mpaka leo hauna hata njia moja ya kijani, ile ya wanaoanza. Pfeifer alikuwa mwalimu. Aliwaona watu wakija na wake zao, waume zao, watoto, na nusu yao hawana pa kwenda. Basi 1958 akafungua mlima mwingine jirani, Buttermilk, mpole, kwa ajili ya hao. Aliona kosa la mlima wake mwenyewe, akajenga wa kulirekebisha.

Nimetaja njia ya kijani, na hapa ndipo familia nyingi huponzwa. Alama za Marekani ni duara la kijani kwa rahisi, mraba wa buluu kwa wastani, almasi nyeusi kwa ngumu. Zilitokana na kazi ya watu wa Disney, waliokuwa wakipanga kujenga kituo katika bonde la Mineral King, California. Chama cha wenye vituo kikazikubali 1968. Kituo chenyewe hakikujengwa kamwe. Kesi iliamuliwa na Mahakama ya Juu 1972, na 1978 bonde likaingizwa katika hifadhi ya Sequoia. Zimebaki alama.

Kumbe alama hizo hulinganisha njia za mlima mmoja zenyewe kwa zenyewe, basi. Buluu ya kilima fulani inaweza kuwa kama kijani ya mlima mwingine. Ukivuka bahari ni balaa zaidi: Austria na Uswisi kwa kawaida huanza na buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi, Ufaransa wanatanguliza kijani, Japani, nyekundu ndiyo ya katikati. Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna kijani nyingi," bado hajakwambia kitu. Muulize ile kijani inaanzia wapi na inaishia wapi. Ikiwa iko chini tu, anayeanza atazunguka kwenye kiwanja siku tatu huku wenzake wako juu mawinguni. Ikianzia juu kabisa na kushuka mpaka chini, atapanda lifti ile ile na wajukuu wake na kuona wanachokiona. Na muulize njia zinashukia wapi: zikimwagikia sehemu nne tofauti, chakula cha mchana pamoja msahau.

Nilimwandikia binamu haya yote, marefu kuliko hapa, akajibu kwa kidole gumba. Siku mbili baadaye akapiga simu. Amefikiria Aspen: watoto na baba yao mlima mkali, yeye na marafiki Buttermilk na mwalimu, tikiti moja kwa milima yote na basi la bure katikati. Bei ni ya kutisha, watakaa siku mbili badala ya tatu. Mji uko mita 2,400 juu ya bahari, na wageni wengi huumwa kichwa wakifika, lakini mtu wa Ol Kalou hilo si lake.

Shangazi alikuwa pembeni, akachukua simu. Hakutaka habari za Austria. Alitaka kujua kama mtu asiye na mbao miguuni anaruhusiwa kupanda lifti.

Nikamwambia kwenye mlima ule mkubwa kuna vyumba vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya, anaingia na viatu vyake, anapelekwa mpaka kileleni, na juu kuna pa kula.

"Na kushuka?"

"Unarudi na hiyo hiyo, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Basi waambie mikoba waiache hotelini."