Pikipiki Nayo Yataka Shuka



Simama katika kituo chochote cha bodaboda, kiwe cha Kariakoo au cha Sumbawanga mjini, uziangalie pikipiki zilizopangwa pale. Nyingi hukaa juani mchana kutwa na hulala nje usiku kucha. Baada ya miaka miwili kiti kimepasuka, rangi ya tangi imefifia na spoki zimeshika kutu. Muulize mwenye chombo bei aliyonunulia, atakutajia hadi shilingi ya mwisho. Muulize anaifunika kwa nini, atacheka. Kava, atakuambia, ni la gari la mkubwa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hao hawakuwa na pikipiki. Hii ni akiba inayooza. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya kava jepesi, linalokunjika na kuingia ndani ya begi, linalomfaa mtu anayekwenda kazini kila siku na yule anayesafiri mbali. Na ili tulielewe vizuri, twende kwanza Milepa.

Milepa iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Juu yake ni uwanda wa Ufipa na mji wa Sumbawanga, kwenye mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita kama 800. Anayetoka bondeni kwenda mjini kwa pikipiki hupanda karibu mita 1,000. Anaondoka kwenye joto na vumbi, na kama ni mwezi Juni au Julai, anafika kwenye baridi ya kuvaa koti. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili, vumbi lile lile hugeuka tope. Mahali pa kujaribia kava ni pale.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuitaja Rukwa. Bonde hili na uwanda wa Ufipa palikuwa nchi ya wafumaji. Pamba ililimwa, ikasokotwa kwa mkono kuwa uzi, na uzi ukafumwa kuwa nguo nzito. David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho. Joseph Thomson alifika mwaka 1880, na ndiye aliyeliona Ziwa Rukwa akalipa jina la Leopold, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Wasafiri wa karne ile waliandika habari za nguo hizo za pamba. Zilikuwa ngumu na za kudumu, na kitambaa kimoja kilichukua siku nyingi kwenye kitanda cha kufumia.

Ikaja amerikani. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na marobota ya nguo ya pamba isiyotiwa rangi yakaanza kushuka Zanzibar kwa wingi. Misafara iliyapeleka bara kichwani, robota moja likiwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata mkondo huo, viwanda vya Manchester na Bombay vilijaza pengo.

Nguo ya Rukwa haikushindwa kwa ubora. Ilishindwa kwa bei na kwa wingi. Na ilipokufa haikufa peke yake, bali ilikwenda na ujuzi wa vidole. Mfumaji alijua uzi mnene kwa kuushika, na alijua nguo ya kubebea mzigo kuwa si nguo ya kujitanda. Sisi wajukuu tunanunua kitambaa kwa kutazama rangi na kuuliza bei.

Viwanda navyo havikulala. Mwaka 1935 maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers, ilitengeneza nailoni. Katika Vita Kuu ya Pili nailoni ilishika nafasi ya hariri katika miavuli ya askari wa angani. Mwaka 1941 Whinfield na Dickson, wakemia wa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester, waligundua poliesta. Ni Manchester ile ile iliyokuwa ikituletea nguo za pamba. Nailoni na poliesta ndizo zinazoshonewa makava mepesi ya leo.

Pikipiki nayo ilikuwa na safari yake. Kwa miaka mingi huko vijijini ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri au mganga wa zahanati, na ililala ndani ya nyumba kama mtoto. Katika miaka ya 2000 zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China, kisha za India, na biashara ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikaenea nchini kwetu. Kanuni za mwaka 2010 zikaipa pikipiki nafasi ya kubeba abiria kwa leseni. Chombo kikatoka ndani ya nyumba kikaingia barabarani, lakini shuka lake halikufuata.

Sasa tuingie dukani. Kwenye pakiti ya kava utakuta namba kama 210D au 190T. Hizi si sifa za aina moja. D ni kipimo cha uzi, nacho ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, uzi ni mnene na kava ni zito zaidi. T ni idadi ya nyuzi katika inchi moja ya mraba. Muuzaji akikuambia namba kubwa ndiyo bora, muulize kwanza ni herufi gani.

Nailoni ina nguvu kwa uzito wake na hukunjika ikawa ndogo sana, lakini jua kali huichosha mapema na hunywa maji kidogo. Poliesta hulistahimili jua zaidi na hainyweki kirahisi. Kwa anayeegesha mchana kutwa, poliesta ya rangi ya fedha inafaa zaidi. Kwa msafiri anayefunika usiku tu, nailoni nyepesi inatosha. Kitambaa chenye miraba midogo ya nyuzi nene kina faida yake: kikitoboka, tundu halikimbii.

Kisha tazama mambo manne. Kwanza, matundu ya hewa. Kava lisilopumua huzuia mvua ya nje na kufuga unyevu wa ndani, na usiku wa baridi wa Ufipa utaiamsha pikipiki ikiwa imelowa jasho. Pili, mkanda wa kufunga chini ya tumbo, maana upepo hulifanya kava jepesi kuwa tanga. Tatu, ekzosi. Nailoni na poliesta huyeyuka. Subiri ipoe, au nunua kava fupi linalofunika kiti, tangi na saa tu, ambalo pia huchukua nafasi ndogo kwenye begi. Nne, vumbi. Futa tangi kabla ya kufunika, la sivyo kava litasugua rangi kama msasa.

Na usilikunje likiwa bichi ukalisahau wiki nzima. Utando wa kuzuia maji huharibika kwa joto na unyevu, ukanata kama gundi.

Wengine watasema turubai la kuanikia mpunga linatosha. Nyumbani, sawa, ukilifunga vizuri. Lakini halipumui, lina mikunjo migumu inayokwaruza, na hakuna atakayelibeba kila siku hadi kazini. Kava lililobaki nyumbani halifuniki kitu.

Haya si mambo ya urembo. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba: analipa hesabu mpaka chombo kiwe chake. Maji yakiingia kwenye swichi na nyaya, kutu ikila cheni, jua likipasua kiti, gharama ni yake na deni halipungui. Anaweza kumaliza mkataba akakabidhiwa mkweche. Mwenye chombo naye angefanya hekima kutoa pikipiki pamoja na kava lake, kama anavyotoa kofia ya kujikinga.

Babu zetu wa Rukwa wasingenunua nguo bila kuipima kwa vidole. Basi nawe ukifika dukani, usianze na bei. Fungua pakiti, shika kitambaa, soma herufi, tafuta matundu na mkanda, kisha likunje uone kama linaingia kwenye begi lako. Bei iwe swali la mwisho.