Umeme wa Njia Tatu na Karakana Zetu za Mlimani

Hapana budi, tunapoadhimisha miaka kumi ya umoja wetu, tukumbuke jambo lililotugharimu fedha na karibu litugombanishe: mashine ya njia tatu katika nyumba yenye umeme wa njia moja.

Umeme si mgeni mkoani Morogoro. Bwawa la Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, lilianza kutoa nguvu mwaka 1975, na lilipokamilika mwaka 1980 lilifikia megawati 204. Waya zake zilipita Morogoro kwenda Dar es Salaam, juu ya vichwa vya watu waliosaga kwa injini za dizeli, na wengine kwa kinu na mchi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikasogea. Lakini penye nyumba chache ni kawaida kuvuta laini ya njia moja, maana gharama yake ni ndogo. Kwa taa na redio yatosha kabisa.

Mwanachama mmoja, seremala wa upande wa Matombo, alichukua mkopo kwetu akanunua mashine ya randa iliyokwisha kutumika. Fundi tuliyempendekeza sisi wenyewe akaiunga kwenye njia moja. Mota ikanguruma bila kuzunguka, ikatoa moshi, ikafa. Kamati ilikaa mara tatu. Wengine walisema deni ni la seremala peke yake. Sisi wa ofisini tuliona haya, kwa kuwa tuliidhinisha mkopo pasipo kusoma kibao cha mota. Mwishowe hasara iligawanywa nusu kwa nusu, na wako wasioridhika hata leo.

Sababu yenyewe yaeleweka kwa mtu aliyewahi kutwanga. Watu watatu wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, mapigo hayakatiki. Ndivyo waya tatu zinavyoisukuma mota kwa mzunguko. Njia moja ni mchi mmoja: hupiga na kuacha, na mota haijui ianze kuzunguka upande gani. Mwaka 1891 Wajerumani waliupeleka umeme wa njia tatu kilomita 175, kutoka Lauffen hadi Frankfurt, na tangu hapo viwanda vikaufuata.

Dawa tuliipata baadaye: kifaa kinachopokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu za volti 230. Hufaa mota ndogo. Lakini yafaa kuangalia sana: mota iliyoandikwa 230/400 huungwa kwa pembetatu, si kwa nyota, la sivyo hukosa nguvu. Mashine kubwa tumeziweka katika banda la umoja kando ya barabara, ambako laini ya njia tatu inafika.

Randa ya seremala inafanya kazi kwa mota nyingine. Ile iliyoungua tumeiweka ofisini, chini ya meza ya mikopo, na kila mwombaji wa mashine huonyeshwa kibao chake kabla ya kutia sahihi.