Nani Atamkumbuka Fundi?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipeleka gari langu kuchomelewa bomba la moshi kwenye gereji moja hapa Mwanza. Nikiwa nasubiri, nikaona nyuma ya gereji, chini ya mwembe, gari dogo lililowekwa juu ya matofali. Lilikuwa na milango miwili, boneti ndefu na paa lililoteremka taratibu hadi nyuma. Vumbi na majani vilikuwa vimelifunika, lakini nililitambua: Datsun 240Z. Pembeni yake alisimama mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, anapatana bei na mwenye gereji.

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa ameketi juu ya tairi, akasema bila hata kuinua kichwa, "Wanangu, hilo halipimwi kwa kilo."

Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani, na leo naomba tuyatafakari pamoja.

Kwa vijana ambao hawakuwahi kulisikia, gari hilo lilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1969. Lilikuwa gari la michezo la watu wawili, lenye injini ya silinda sita za mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari la aina hiyo hiyo, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda, akiwa na Lofty Drews. Siku hiyo alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun, hata ikabidi kanuni ya kutenganisha waliofungana itumike.

Lakini mashindano hayo yana jambo moja linalotuhusu sisi watu wa kando ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent walipokuwa wakiyafikiria huko Kenya, wazo la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria. Wazo hilo likaachwa. Kwa nini? Kwa sababu majira yaliyokusudiwa yalikuwa ya mvua, na barabara za upande wetu zisingepitika. Anayeujua udongo mweusi wa mbuga za Usukuma baada ya mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1953 mashindano ya kwanza yakafanyika kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, lakini bila kulizunguka ziwa.

Sasa, tunapoyataja mashindano hayo, tunawataja madereva. Mafundi je? Hebu tumtazame Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Huyu kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa fundi. Gari aliloshinda nalo mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, lilikuwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, ambayo timu ya kiwanda ilikuja nayo katika mashindano ya 1964. Wenzake wengi waliingia na magari mapya. Yeye aliingia na la zamani alilolijua kila nati, akawaacha wote. Ukiniuliza, ushindi ule ulianzia gereji.

Ndugu msikilizaji, huku kwetu Mwanza ufundi wa namna hiyo haukuhitajika kwa ajili ya vikombe. Ulihitajika ili watu waishi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Spea zilizokuwa zikitoka Nairobi na Kisumu zikakatika. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, kisha fedha za kigeni zikaadimika nchini. Ni hadi mwaka 1984 ndipo serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizokuwa nazo nje. Katika miaka hiyo, gari likiharibika hapakuwa na duka la kukimbilia. Palikuwa na fundi tu.

Na fundi alijibu. Bushi za springi zikachongwa kutoka tairi kuukuu. Gasketi zikakatwa kwa mkasi kutoka karatasi ngumu. Mji huu, ambao mtaa wake wa Makoroboi ulipewa jina kwa sababu ya mafundi waliogeuza makopo kuwa taa, haukushindwa kugeuza bati kuwa sakafu ya gari.

Nilimwamkia yule mzee, nikakaa naye. Nikamwuliza, gari kama lile linahitaji nini ili litembee tena?

"Kwanza kutu," akasema. "Usianze na injini, mwanangu. Gonga sakafu, gonga chini ya betri, gonga kingo za chini ya milango. Kama chuma kimeoza, injini nzuri utaifunga wapi?"

Kisha akaja kwenye kabureta. Gari hilo lina kabureta mbili, na kila moja inalisha silinda tatu. Moja ikivuta hewa kuliko mwenzake, injini hutetemeka kama mgonjwa wa malaria na mafuta huteketea bure. Mzee huyu huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja huiweka kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni. Husikiliza mvumo wa hewa, akahamia ya pili, akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mivumo ilingane. Tapeti nazo huzipima injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 upande wa kuingiza, 0.30 upande wa kutoa moshi. Vipimo hivyo alinitajia kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kazi hiyo. Akasema fundi mmoja aliyekwisha fariki. Na yeye amemfundisha nani? Akanyamaza, akawatazama vijana wa gereji. Nao si wavivu, la hasha! Kazi inayowalipa siku hizi ni kutoa injini nzima iliyochoka na kuweka nyingine iliyotoka Japani au Dubai. Mteja ana haraka, na gari la kisasa halina hata kabureta. Kwa nini kijana apoteze siku tatu akisikiliza mvumo wa hewa?

Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini mtu aliyezoea kubadilisha tu, siku ya kubadilishia ikikosekana atafanya nini? Sisi tuliozeeka tumeiona siku hiyo, nayo ilidumu miaka. Sikio la mzee yule ni akiba ya taifa, na hakuna aliyeiandika popote.

Gari lililoshinda Safari mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan kule Japani, na mwaka 2013 lilitengenezwa likatembea tena. Wenzetu hawakuliita mizani. Na Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa hapa kwetu. Barabara iliyowashinda akina Cecil sasa inapitika. Ingekuwa fahari iliyoje kuliona gari moja la enzi zile likivuka pale, limetengenezwa na mikono ya Mwanza!

Ombi langu ni dogo. Vyuo vyetu vya ufundi viwaalike wazee hawa hata siku moja kwa mwezi, walipwe, na kijana mmoja akae na daftari.

Nilipoondoka, mwenye gereji alikuwa hajatoa jibu. Mnunuzi alikuwa bado amesimama na mizani yake. Mzee alikuwa ameinuka, ametwaa kitambaa, anafuta vumbi kwenye boneti.