Anwani Mpya, Mahali Palepale

Msomaji, mwaka 1992 Makueni ilimegwa kutoka Wilaya ya Machakos. Katiba ya 2010 ikaiorodhesha kaunti ya 17, na Kitui ya 15. Nyumba hazikuhama, anwani ndizo zilizobadilika.

Diski za kompyuta nazo zilipitia hayo. Zamani habari zilitafutwa kwa kutaja duara, kichwa kisomacho na fungu. Katika miaka ya 1990 hesabu hiyo ilikomea baiti milioni 528 katika kompyuta nyingi. Basi kila fungu likapewa namba yake moja, kuanzia sifuri. Hata hivyo, programu ziendeshazo diski ziliendelea kufasiri anwani za kale. Kwa nini? Aifutaye anwani ya zamani kabla ya kuifasiri hupoteza barua, ijapokuwa nyumba ingalipo.