MinION: Mashine ya kusoma DNA inayoingia mfukoni, na kwa nini mkulima wa mihogo anahusika

Mashine ya kusoma vinasaba, yaani DNA, kwa miaka mingi ilikuwa mzigo wa ukubwa wa friji. Inakaa kwenye chumba chake, inalindwa, na fundi wake anatoka ng'ambo. Ndiyo maana watu wengi wakiambiwa kuna mashine ya aina hiyo yenye uzito usiofika gramu 100 na inayochomekwa kwenye laptop kwa waya wa USB, wanadhani ni utani.

Si utani. Inaitwa MinION, na inatengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Oxford Nanopore Technologies.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2005 ikitokea Chuo Kikuu cha Oxford, kwa kazi za mkemia Hagan Bayley. Mkuu wake aliyejulikana zaidi ni Gordon Sanghera, mmoja wa waanzilishi. Ila wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mwaka 1989 mwanasayansi wa Marekani David Deamer, akiwa safarini kwa gari, alisimama pembeni akachora kwenye daftari uzi wa DNA ukipita kwenye tundu. Kutoka mchoro ule mpaka mashine ya kuuzwa ilipita zaidi ya miaka 25.

Inafanyaje kazi?

Iko hivi. DNA ni uzi mrefu wenye herufi nne tu: A, T, G na C. Ndani ya MinION kuna utando mwembamba wenye vitundu vidogo sana vilivyotengenezwa kwa protini. Umeme kidogo unapita kwenye kila kitundu. Uzi wa DNA unapovutwa kupita humo, unauziba umeme kwa kiasi fulani, na kila kundi la herufi linauziba kwa namna yake. Kompyuta inasoma kupanda na kushuka kwa umeme huo, inageuza kuwa herufi. Kuna kimeng'enya kinachoshika breki ili uzi usipite mbio, lakini hata hivyo kila kitundu kinasoma herufi takriban 400 kwa sekunde.

Mashine nyingi za zamani hukata DNA vipande vifupi vya herufi mia chache, kisha kompyuta inaviunga kama gazeti lililochanwa. Hii inaweza kusoma uzi mmoja wenye herufi zaidi ya milioni 2 bila kukata. Na matokeo yanaanza kuonekana kazi ikiwa bado inaendelea, huhitaji kusubiri mashine imalize.

Kasoro nayo ilikuwepo, tena kubwa. MinION ilipopelekwa kwa watafiti wa kwanza mwaka 2014, ilikosea herufi nyingi mno kiasi kwamba wapo walioidharau waziwazi. Vitundu vilibadilishwa, programu za kusomea zikaboreshwa, na sasa usahihi umepita asilimia 99. Mahakamani nako kulikuwa na vumbi: Illumina, kampuni kubwa ya Marekani kwenye biashara hii, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imewekeza pesa Oxford Nanopore, iliishtaki mwaka 2016 kwa madai ya hataza. Wakapatana mwaka huohuo.

Kutoka Conakry hadi anga za juu

Jina la mashine lilijulikana kwa kazi ngumu. Mwaka 2015, Ebola ikiwa bado inaua Afrika Magharibi, timu ya watafiti ilibeba maabara nzima kwenye mabegi ya kawaida ya ndege mpaka Guinea. Walisoma virusi kutoka sampuli 142, na mara nyingine jibu lilipatikana chini ya saa 24 tangu sampuli ifike. Kwa jibu hilo walijua nani kaambukizwa kutoka mnyororo upi. Mwaka uliofuata, mwanaanga Kate Rubins akaitumia kusoma DNA kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika.

Afrika Mashariki ilikutana nayo vizuri shambani. Mihogo ya ukanda huu inasumbuliwa na batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi yanayosambazwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa. Michirizi ni mbaya zaidi kwa sababu inadanganya: majani yanaweza kuonekana mazima, ukichimba unakuta muhogo umeoza kwa ndani. Familia imeshapoteza msimu.

Zamani sampuli za majani zilitumwa nje ya nchi, na jibu lilichukua miezi. Linafika, mkulima kashapanda vipando vilevile. Mradi wa watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, wakiwemo Joseph Ndunguru, Titus Alicai na Laura Boykin, aliyekuwa akifanya kazi Australia, ulichukua MinION ukashusha muda huo hadi saa 48. Baadaye wakafanya kazi hiyo shambani kwenyewe, chini ya mti, kwa betri, na mkulima akapewa jibu siku hiyohiyo: ng'oa, au panda aina inayostahimili.

Wakati wa corona, watafiti wa Kilifi, Kenya, walitumia mashine za kampuni hiyohiyo kufuatilia aina za virusi vilivyoingia nchini.

Pesa je?

MinION yenyewe ilianza kuuzwa kwa dola 1,000 pamoja na vifaa vya kuanzia, bei ndogo mno ukilinganisha na mashine za mamia ya maelfu ya dola. Gharama inajificha kwingine. Kadi ya kusomea, ile yenye vitundu, inachakaa. Miaka ya mwanzo moja iliuzwa karibu dola 900. Kemikali zinahitaji ubaridi njia nzima kutoka kiwandani, na mzigo ukikwama forodhani kwenye joto, zinaharibika kabla hazijafunguliwa. Kuna pia mashine kubwa ya kampuni hiyo, PromethION, ambayo watafiti wa Stanford waliitumia kusoma jenomu ya mtu mzima mzima kwa saa 5 na dakika 2.

Oxford Nanopore iliingia Soko la Hisa la London Septemba 2021 ikithaminiwa pauni bilioni 3.4.