Mavivi: Barabara ya matope, kutoka mchezo hadi msafara

Miaka ya 1970 na 1980, watalii kutoka Ulaya walipita Mavivi na Land Rover na malori, wakitoka Kisangani kupitia Epulu na Komanda kuelekea Butembo na Goma. Kwao matope yalikuwa mchezo. Vita ya 1996 ikakata safari hizo.

Tarehe 2 Januari 2014, kwenye barabara hiyo hiyo, kanali Mamadou Ndala aliuawa ndani ya jeep yake karibu na Beni. Kuanzia Oktoba mwaka ule, mauaji ya raia yalikimbiza vijiji vizima.

Miaka ya karibuni, dereva wa kuelekea Komanda huuliza kwanza msafara wa wanajeshi unaondoka saa ngapi, ndipo aulize matope. Barabara itapona siku wakimbizi watakaporudi mashambani bila kusindikizwa.