Setilaiti hufuatiliaje moshi wa moto wa misituni?

Juni 7, 2023, anga la jiji la New York liligeuka rangi ya chungwa mchana kweupe. Safari za ndege zilicheleweshwa na wakaazi wakashauriwa kubaki ndani. Hakuna msitu uliokuwa ukiungua jirani. Moshi ulitoka jimbo la Quebec nchini Kanada, mamia ya kilomita kaskazini, na wataalamu walikuwa wakiufuatilia kwa setilaiti.

Macho mawili angani

Setilaiti za aina ya kwanza hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, hivyo hutazama eneo lile lile muda wote. Mwaka 2023, GOES-16 ya Marekani ilipiga picha ya nchi hiyo kila baada ya dakika 5. Picha hizo zikipangwa mfululizo, moshi huonekana ukitembea kama kwenye filamu.

Aina ya pili, kama Suomi NPP, huruka chini zaidi, takriban kilomita 830, na kupita karibu na ncha za dunia. Haikai mahali pamoja, lakini huona kwa undani zaidi. Vihisi vyake vya joto hutambua penye moto, na hivyo chanzo cha moshi hujulikana.

Moshi au wingu?

Wingu zito huwa jeupe na huzuia joto linalopanda kutoka ardhini. Moshi huwa wa kijivu au kahawia, na sehemu kubwa ya joto hilo hupenya. Wataalamu hulinganisha picha ya mwanga na picha ya joto ili kuvitofautisha. Moshi huonekana vizuri zaidi asubuhi na jioni, jua likiwa chini. Usiku ni vigumu kuuona.

Picha haisemi kila kitu

Picha iliyopigwa kutoka juu huonesha moshi ulipo, lakini peke yake haioneshi uko kimo gani. Hili ndilo jambo muhimu kwa afya. Mwanzoni mwa Juni 2023, mgandamizo mdogo wa hewa karibu na pwani ya mashariki ya Kanada uliuvuta moshi kusini, ukashuka hadi usawa wa pua za watu. Kipimo cha ubora wa hewa New York kilipita 400, wakati kiwango cha hatari huanzia 301. Mwishoni mwa mwezi huo, moshi wa Kanada ulivuka Atlantiki hadi Ulaya. Kwenye picha ulionekana wazi, lakini sehemu kubwa ilipita juu sana na haikuchafua sana hewa ya chini.

Ndiyo maana picha huunganishwa na vipimo vya ardhini vya chembechembe za PM2.5, ambazo ni ndogo kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu, pamoja na utabiri wa upepo.

Na Afrika?

Kila kiangazi, hasa kati ya Juni na Septemba, mioto mingi huwaka kusini mwa Kongo, Angola na Zambia, mingi ikiwashwa na watu kusafisha mashamba na malisho. Mfumo wa FIRMS wa shirika la NASA huonesha bila malipo mahali penye moto, kwa kawaida ndani ya saa 3 baada ya setilaiti kupita. Tatizo ni kwamba vituo vya kupima hewa ardhini ni vichache, hivyo maeneo mengi hutegemea zaidi setilaiti.

Kwa anayeishi huko, alama nyekundu kwenye ramani humwambia moto uko wapi. Aangalie pia upepo unavuma kuelekea wapi. Akisikia harufu ya moshi au akiona ukungu mkavu, asisubiri ramani imthibitishie: watoto, wazee na wenye pumu wapunguze kukaa nje.